Nakala ya Mbali na Uhai Wake: Uhakiki wa Urudufishaji katika Hifadhi za Matini za Kiswahili

1. Utangulizi

Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao ni Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huo historia yake kama walivyoijua watumishi wa nyumbani. Matini hiyo, Vocabulaire de ville de Elisabethville, ilimfikia mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990. Baadaye iliwekwa kwenye intaneti, katika hifadhi ya matini za Kiswahili iliyoanzishwa Amsterdam. Hivyo matini ya Lubumbashi yaweza kusomwa popote, kwa sababu nakala yake ilisafiri.

Siku hizi masimulizi hurekodiwa moja kwa moja katika kompyuta, na kazi ya kusafirisha nakala imekabidhiwa mashine. Makala hii inakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyohakikiwa. Hoja yake kuu ni kwamba nakala iliyo mbali haiwi kinga mpaka ithibitishwe kuwa ni mpya, ni sahihi, na inafunguka. Kwa ajili ya ufafanuzi, kutatumiwa mfano wa kubuni: kituo kidogo cha utafiti katika mtaa wa Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, kinachohifadhi rekodi za sauti za wazee.

2. Istilahi

Seva kuu ni kompyuta inayopokea data mpya. Seva ya akiba hupokea nakala ya data hizo na kushika nafasi ya seva kuu maafa yanapotokea. Seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja huitwa kikundi cha seva. Urudufishaji ni kunakili mfululizo kila badiliko kutoka seva kuu hadi seva ya akiba.

Urudufishaji uko wa namna mbili. Katika ule wa papo kwa papo, seva kuu hungoja jibu la mwenzake kabla ya kukubali kazi. Katika ule wa kufuatia, hukubali kwanza na kupeleka baadaye. Umbali ndio unaoamua. Mwanga katika waya wa nyuzi za kioo hupita kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda Likasi na kurudi huchukua zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwenda Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,500, na kurudi, hakupungui sehemu 15 za elfu. Lakini Likasi hutegemea umeme wa SNEL kama Lubumbashi, na ukikatika huenda miji yote miwili ikazimika pamoja. Lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma mwezi Januari 2002, nakala iliyowekwa jengo la jirani isingefaa kitu. Kwa hiyo akiba ya maafa huwekwa mbali, nayo aghalabu hufuata kwa kuchelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakopaswa kupimwa.

3. Maswali manne ya mhakiki

Kwanza, je, kiungo ki hai? Hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mfano, ina jedwali liitwalo pg_stat_replication, linaloonyesha kila seva inayofuata, mahali ilipopelekewa mabadiliko, na mahali ilipokwisha kuyatekeleza. Seva iliyokatika haiandikiwi onyo humo. Safu yake hutoweka tu. Hapana budi mhakiki ajue idadi ya safu anazotarajia kuziona.

Pili, nakala imechelewa kiasi gani? Katika hifadhi tulivu, siku nzima yaweza kupita bila rekodi mpya, na mtu asijue kama nakala imelala au haina la kunakili. Kwa hiyo seva kuu huandika kila dakika rekodi ndogo ya saa, mfano wa mapigo ya moyo, nayo husomwa upande wa pili. Kituo chenyewe huamua mapema hasara inayovumilika, tuseme dakika 15, na kengele hulia ikivukwa.

Tatu, je, yaliyomo ni yaleyale? Programu hukokotoa kutokana na kila faili alama fupi. Kwa kanuni ya SHA-256, alama hiyo ina tarakimu na herufi 64. Alama za pande mbili zikitofautiana, faili moja imeharibika au imebadilika.

Nne, je, nakala inafunguka? Hilo halijibiwi na jedwali lolote. Kila baada ya muda uliopangwa, seva ya akiba iwashwe kana kwamba Kasungami haipo, rekodi zichaguliwe bila mpango na kusikilizwa, na muda uliotumika uandikwe.

4. Mtego wa saa

Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ikiwa rekodi hutiwa saa ya Lubumbashi na mhakiki yuko Kinshasa, saa yake ikionyesha 10:00 na rekodi ya mwisho ikawa ya 10:00, atadhani nakala haijachelewa. Kumbe Kasungami ni 11:00, na kazi ya saa nzima haijafika. Dawa ni seva zote kutumia saa ya kimataifa, UTC.

5. Funzo la mwaka 2017

Tarehe 31 Januari 2017, seva ya akiba ya hifadhidata ya kampuni ya GitLab iliachwa nyuma mno hata urudufishaji ukakatika. Mhandisi aliyekuwa akiirekebisha alifuta data akidhani yumo katika seva hiyo, kumbe yumo katika seva kuu. Akiba za kila siku zilipotafutwa hazikuwapo: programu ya kuzitengeneza haikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa. Iliyookoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla. Kampuni yenyewe ilitangaza habari hizo hadharani.

Aidha, urudufishaji hunakili makosa kwa uaminifu uleule: rekodi iliyofutwa Kasungami hufutwa mbali pia. Kwa hiyo nakala za tarehe mbalimbali, zisizoguswa na urudufishaji, ni za lazima.

6. Hitimisho

Kituo kidogo hakihitaji vyombo vya gharama ili kuanza. Chahitaji daftari lenye tarehe, kiasi cha kuchelewa, matokeo ya ulinganishaji, na jina la aliyesikiliza rekodi kutoka seva ya akiba. Ukurasa usiojazwa uchukuliwe kuwa onyo, kwa kuwa sauti ya mzee aliyekwisha kufariki hairekodiwi mara ya pili.