Mikutano ya programu huria: Je, nauli ya fundi wako inarudi?

MFANYABIASHARA wa Elerai hujua bei ya gunia la mahindi katika soko la Kilombero kabla hajapanda daladala. Bei ya saruji anaijua, na ya dola kaiuliza tangu asubuhi. Lakini muulize anamlipa fundi wake wa tovuti kwa kipimo gani, atakuna kichwa. Na siku fundi huyo anapoomba ruhusa ya siku 5 pamoja na nauli ili ahudhurie mkutano wa wataalamu wa kompyuta, jibu huwa lile lile: "Yaani ukatalii kwa fedha yangu?"

Swali hilo ni halali, na wiki hii tunalipigia hesabu. Sababu ya kufanya hivyo tunayo hapa hapa nyumbani. Agosti 11 hadi 15, 2025, mkutano unaoitwa DjangoCon Africa ulifanyika Arusha. Ule wa kwanza kwa bara letu ulikuwa Zanzibar, Novemba 2023. Kabla ya hapo, Agosti 2018, Dar es Salaam ilipokea FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani. Kwa hiyo katika miaka 7 mikutano mitatu mikubwa ya fani hii imefanyika nchini, na wenye maduka, kampuni za utalii na vyama vya akiba wengi hawakupata habari.

Kwanza tueleze bidhaa yenyewe. Django (hutamkwa "Jango") ni programu ya kujengea tovuti. Haikutoka kwenye kampuni kubwa ya kompyuta bali kwenye chumba cha habari. Watengenezaji waliokuwa wakilifanyia kazi gazeti la Lawrence Journal-World, katika mji mdogo wa jimbo la Kansas, Marekani, walihitaji njia ya kutengeneza kurasa kwa kasi ya gazeti. Mwaka 2005 walichokijenga kikatolewa bure kwa dunia nzima, na tangu 2008 kinasimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara.

Bure hapo maana yake nini? Fikiria fundi cherehani anayekushonea suti, kisha anakukabidhi na vipande vya karatasi alivyokatia kitambaa. Kesho unaweza kumpelekea fundi mwingine akapunguza kiuno au akashona nyingine kumi, bila kumwomba wa kwanza ruhusa. Hiyo ndiyo programu huria: unapewa maandishi yake ya ndani pamoja na leseni inayokuruhusu kuyatumia, kuyabadili na kuyagawa. Watanzania waliwahi kuutumia uhuru huo mapema. Desemba 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na hapakuwa na haja ya kungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama soko letu linalipa.

Sasa mfanyabiashara makini atauliza: kama bidhaa ni bure, fedha iko wapi? Fedha iko kwenye mikono. Hulipii mashine, unamlipa anayejua kuiendesha, kuirekebisha inapogoma na kuihama wakati wake ukifika. Ndiyo maana katika biashara hii bei ya ujuzi ndiyo bei ya soko, na mkutano ndio mahali ambapo bei hiyo husikika. Mwenye mbuzi huenda mnadani hata siku ambayo hauzi, ili ajue mbuzi wake wana thamani gani.

Mkutano wenyewe huendaje? Siku za mwanzo ni za mihadhara. Mzungumzaji hupanda jukwaani akaeleza jambo alilolifanya: jinsi alivyoharakisha tovuti nzito, alivyounganisha malipo ya simu, au alivyopoteza takwimu za wateja na kuzirudisha. Tuseme wazi kwamba sehemu hii ndiyo yenye thamani ndogo kuliko zote kwa mwenye kulipa nauli. Mihadhara mingi ya mikutano ya aina hii hurekodiwa na kuwekwa kwenye YouTube, na fundi wako anaweza kuitazama akiwa Elerai kwa bando la intaneti.

Kinacholipiwa kwa kweli ni korido. Wakati wa chai fundi wa Arusha anasimama na mwenzake wa Nairobi, Kampala au Lagos, na ndani ya robo saa anagundua kwamba tatizo lililomla wiki 3 lina dawa ya mistari 4. Pia anasikia wenzake wanatoza kiasi gani na nani anatafuta watu. (Mwajiri anayeogopa kwamba fundi atarudi akidai nyongeza ana haki ya kuogopa. Hutokea.) Baada ya mihadhara huja siku za kazi za mikono: wanaoandika programu wanakaa meza moja na wanaoitumia, wanarekebisha kasoro pamoja, na rekebisho la kijana asiyejulikana likikubaliwa huingia kwenye programu inayotumika duniani kote. Rekodi hiyo ipo hadharani na mteja yeyote anaweza kuikagua. Kwa mtu asiye na shahada ni cheti kisichoghushika kwa urahisi.

Tuje kwenye gharama, maana hapo ndipo mahali pa mkutano panapobadilisha hesabu. Tuseme fundi wako unamlipa Sh 600,000 kwa mwezi wa siku 22 za kazi. Siku 5 za kutokuwepo zinakugharimu Sh 136,000 hivi kabla ya nauli. Mkutano ukiwa Zanzibar, ongeza basi la kwenda Dar es Salaam na kurudi, boti, na malazi ya usiku usiopungua 4. Ukiwa Arusha, hayo yote yanafutika, nauli ni ile ya daladala ya kila siku na jioni analala kwake. Gharama kubwa inayobaki ni muda wake na kiingilio.

Linganisha na Ulaya. Kila mwaka, majira ya mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, hufanyika Brussels mkutano uitwao FOSDEM, mmoja wa mikubwa kabisa ya programu huria, na kiingilio chake ni bure. Hiyo bure ni ya aliye jirani. Mtanzania anaanza kwa ada ya viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni Euro 90, na akinyimwa hairudishwi. Bado hajagusa tiketi ya ndege. Kwa hesabu hizo mkutano uliofanyika kilometa chache kutoka nyumbani ulikuwa punguzo la bei ambalo mfanyabiashara hapaswi kuliacha lipite kimya kimya, kama ambavyo Arusha ilizoea kuiachia mikutano ihudhuriwe na wageni. Mji huu una Kituo cha Kimataifa cha Mikutano (AICC) tangu 1978. Juni 2007 TEDGlobal ilikutana Ngurdoto, upande wa Usa River. Mara nyingi faida ya wenyeji imekuwa vyumba, chakula na teksi. Ujuzi ulipanda ndege na kuondoka.

Hadi hapa mtu anaweza kusema ni mambo ya mafundi. Lakini lipo somo moja katika mikutano hii ambalo linagusa moja kwa moja mfuko wa kampuni za utalii, nalo ni kuifanya tovuti itumike na watu wenye ulemavu. Wataalamu huliita ufikivu.

Msingi wake ni rahisi. Mtu asiyeona hutumia kompyuta kwa msaada wa programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo. Mojawapo ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, na ni huria, haina bei. Lakini programu hiyo haioni picha. Ukiweka picha ya simba wa Serengeti bila maelezo ya maandishi nyuma yake, msikilizaji anaweza kusomewa jina la faili tu, herufi na tarakimu. Kitufe cha kuagiza safari kikichorwa kama picha bila jina, kwake hakipo. Mwandishi wa makala hii alifumba macho jioni moja akajaribu kuagiza safari ya siku 3 kwenye tovuti ya kampuni moja ya hapa mjini kwa kutumia NVDA. Hakufika hata kwenye tarehe. Kampuni ile ingekuwa na duka, ningesema mlango ulifungwa kwa kufuli mchana kweupe.

Viwango vya kufuata vipo. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za tovuti duniani, lilitoa toleo la kwanza la mwongozo wake Mei 1999, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Mengi yaliyomo hayahitaji mtaji. Kwa mfano, maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwangaza na rangi ya nyuma yake isiyopungua 4.5 kwa 1. Fomu ijazike kwa kibodi bila kipanya. Video iwe na maandishi kwa wasiosikia. Aliyewahi kusoma bei ya kijivu juu ya rangi nyeupe kwenye simu, amesimama juani, ataelewa kwamba kanuni ya rangi inamsaidia na mwenye macho mazima.

Fedha inaingilia hapa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2019 sheria ya ufikivu (Na. 2019/882), na masharti yake yalianza kutumika Juni 28, 2025, wiki 6 hivi kabla ya mkutano wa Arusha. Miongoni mwa yanayoguswa ni uuzaji kwa njia ya mtandao kwa wateja wa Ulaya, yaani pale mteja anapoagiza na kufunga mkataba kupitia tovuti. Adhabu hupangwa na kila nchi mwanachama.

Tusitishane bure. Sheria hiyo inazisamehe kampuni ndogo kabisa zinazotoa huduma: zenye wafanyakazi chini ya 10, na mauzo au mizania ya mwaka isiyozidi Euro milioni 2. Kampuni nyingi changa za safari zenye ofisi ya chumba kimoja zinaweza kuangukia humo. Lakini angalia mnyororo wa biashara ulivyo. Wengi wao hawauzi peke yao. Safari zao huuzwa na wakala mkubwa wa Ujerumani, Uholanzi au Ufaransa, na huyo hasamehewi. Anapochukua picha, maelezo na fomu kutoka kwa mshirika wake wa Arusha, ana kila sababu ya kuuliza kama zinafikika. Mwenye jibu tayari atabaki kwenye orodha. Kwa maoni ya ukurasa huu, hilo ndilo somo lililokuwa na bei mwaka 2025, na fundi aliyelipata akalileta ofisini amerudisha zile Sh 136,000 kwa oda moja tu ambayo haikupotea. Hata hapa nchini tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mteja asiyeona wa Arusha naye ana fedha za kununua.

Basi ulipe au usilipe? Kwa maoni yetu, usilipie mkutano wowote ambao fundi hawezi kukueleza, kabla ya kuondoka, ni tatizo gani la biashara yako analokwenda nalo. Akisema "nakwenda kujifunza teknolojia mpya," mwambie atazame video. Akisema "fomu yetu ya kuagiza inakatika kwa wateja wa simu, na nataka nimwonyeshe mtu anayejua," mpe nauli. Muulize pia kama ameomba msaada. Mikutano ya programu huria mara nyingi hutenga fungu la kuwasaidia wasio na uwezo, na taasisi zinazosimamia Django na lugha ya Python hutoa ruzuku kwa mikutano ya aina hii. Maombi hufungwa mapema, na anayekumbuka wiki ya mwisho hulipa bei kamili. Wapo wanaoingia kwa kutoa mhadhara au kujitolea mapokezini, na biashara inayotoa ruhusa bila kutoa fedha nayo imechangia.

Kuhusu hofu ya kumpoteza fundi baada ya kumwelimisha, njia iliyo nafuu ni kuandikiana kabla: mwajiri anabeba gharama, na fundi anakubali kukaa miezi kadhaa au kurudisha sehemu ya fedha. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha kwa ofisi ndogo.

Akirudi, usimwombe ripoti ndefu ya kurasa 10. Mwambie afungue tovuti yenu, awashe NVDA, azime kioo cha kompyuta, kisha mkae wote wawili msikilize. Kama sauti itawafikisha kwenye bei ya safari na kitufe cha kulipia, mkutano ulikuwa na kazi. Kama itaishia kusoma "picha, picha, picha," muulize siku zile 5 alikuwa amekaa na nani.