Ada ya darsa za simu: tunalipia kitu gani?

Darsa imetoka msikitini ikaingia jikoni. Mama aliyekwishalaza watoto huketi na simu yake, akasoma aya chache za Suratul-Mulk, akairekodi sauti yake na kuituma kwa ustadhati. Asubuhi hupata jibu: hapa hukuivuta madda, pale umeisahau ghunna. Dada aliyeko Tanga na dada aliyeko Muscat huwa darasa moja. Wengi wa akina mama hawa hawakukimaliza chuo utotoni, ama kwa kuolewa mapema, ama kwa kazi za nyumbani kuwazidi, na kwao kundi hili la WhatsApp ndicho chuo cha pekee walichokipata.

Ndiyo maana suala la fedha linapoingia humo, huingia mahali penye uzito. Katika kamati yetu ya msikiti tumekuwa tukiulizwa maswali mawili. Walimu wanauliza kama inafaa kutoza ada ya mwezi. Waume wanauliza kwa nini dini ilipiwe.

Mas-ala haya ni ya zamani kuliko simu. Katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa habari ya Masahaba waliomsomea Suratul-Fatiha mkuu wa kabila aliyekuwa ameumwa na mdudu wa sumu, wakapewa kundi la mbuzi. Walisita kuwagawa mpaka wamuulize Mtume (S.A.W.), naye akawakubalia. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, wamejuzisha ujira wa kufundisha Qur'ani. Mahanafi wa mwanzo walikataa, lakini waliowafuatia wakaruhusu, walipoona posho za walimu kutoka Baitul-Mal zimekatika na ikahofiwa Qur'ani itakosa wa kuifundisha. Hali hiyo ya walimu bila posho ndiyo hali yetu leo.

Kinacholipiwa, basi, si aya. Ni sikio la mwalimu na muda wake. Tufanye hesabu. Tuseme kundi lina akina mama 60, na kila mmoja anatuma kisomo cha dakika 3 kwa siku. Hizo ni dakika 180, yaani saa 3 za kusikiliza tu, kabla ustadhati hajafungua kinywa kusahihisha. Ada ikiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, zinapatikana shilingi 300,000. Kwa siku 24 za masomo, saa za kusikiliza ni 72, na kila saa inapata kama shilingi 4,000, bando na makato ya kutoa fedha yakiwa bado. Na ikiwa darsa ya moja kwa moja inafanyika kwa Zoom ya bure, mazungumzo hukatika dakika ya 40, hivyo huenda akalazimika kuilipia. Anayedhani walimu hawa wanatajirika na aichukue kalamu ahesabu tena.

Kutokana na hesabu hiyo tunatoa rai yetu: maelezo ya somo yawe wazi kwa kila mtu, ada iwe ya kusikilizwa na kusahihishwa. Somo likisharekodiwa halimgharimu mwalimu zaidi likisikilizwa na watu 10 au 1,000. Taasisi ya SeekersGuidance, inayoongozwa na Sheikh Faraz Rabbani kutoka Kanada, hutoa masomo bila ada na huendeshwa kwa michango ya Waislamu. Wenye uwezo wa kufika huko ni wachache, lakini mwelekeo ni mwema.

Ada nayo ni mkataba wa ijara, na ijara sharti ijulikane: kazi gani, muda gani, kiasi gani. Kwa hiyo hatuupendi "uanachama wa maisha" unaotangazwa siku hizi kwa malipo ya mara moja. Maisha ya nani? Ya mwanafunzi, ya mwalimu, au ya laini ya simu? Huo ni gharari. Tunauchukia zaidi mtindo wa kumpa mwanachama fedha kila anapoleta wenzake, kwa kuwa punde watu huacha kuhesabu aya wakaanza kuhesabu vichwa, na darsa ikageuka upatu.

Fedha zenyewe zisiingie katika laini ya mwalimu peke yake. Laini ikipotea, au mwenyewe akifariki, warithi na wanafunzi watagombania salio ambalo hakuna ajuaye ni la nani. Iwepo namba ya malipo ya darsa, wawepo wasimamizi wawili, na liwepo daftari la karatasi. Sadaka iliyotolewa kwa ajili ya wasio na uwezo iandikwe ukurasa wake, isichanganywe na ada.

Asiyelipa afanyweje? Tumesikia makundi ambamo orodha ya wadaiwa hubandikwa hadharani, kisha majina yanaondolewa mmoja mmoja huku wenzao wakitazama. Mama aliyefikia juzuu ya pili akaaibishwa kwa shilingi 5,000 harudi tena, na pengine hata bintiye hatamleta. Katika darsa ya akina mama ya msikiti wetu, mweka hazina humwandikia mhusika faraghani, na ukurasa ule wa sadaka hufunguliwa bila kundi kujua. Vilevile visomo vya akina mama huenda kwa ustadhati moja kwa moja, havipiti kundini, wala havitumiki kutangazia darsa. Sauti ya mke wa mtu ni amana.

Waume nao wajue kwamba Imam Ghazali, katika Ihyaa, amemtaka mume amfundishe mkewe yaliyo faradhi, au amuulizie kwa wanazuoni. Asipofanya hivyo, mke ana haki ya kutoka akaulize mwenyewe. Siku hizi kutoka huko ni kuwasha simu. Na wapo wanaolipa ada kwa fedha za maandazi waliyoyakaanga wenyewe alfajiri. Hao mali ni yao, na hawahitaji ruhusa ya mtu katika kuitumia.