Pointi za Ndege Hazina Ulinzi wa Benki

Kutoka Ukunda hadi Nairobi kwa ndege hapafiki maili 300. Naanza na umbali huo kwa sababu mipango ya kuwatuza wasafiri wa kila mara ilijengwa juu ya umbali. American Airlines ilipoanzisha wake mwaka 1981, abiria alihesabiwa maili alizoruka, zikitosha akapewa tiketi. Kwa kipimo hicho, mfanyabiashara wa Diani aendaye Nairobi na kurudi kila mwezi kwa mwaka mzima huvuna maili chache kuliko jirani yake wa Msambweni aliyekwenda Amsterdam mara moja tu akarudi.

Kisha kipimo kikageuzwa. Flying Blue, mpango wa Air France na KLM ambao Kenya Airways iliutumia kwa miaka mingi, ulianza Aprili 2018 kuhesabu pesa alizolipa abiria badala ya maili. Aliyewahi tiketi ya bei nafuu akapata pointi kidogo. Aliyekatiwa tiketi ya ghali na ofisi akapata tele. Baadaye Kenya Airways ikatoka humo, ikaanzisha mpango wake, Asante Rewards. Abiria ni yuleyule na safari ni zilezile, lakini hesabu yake imebadilishwa akiwa ameketi kitini.

Hili ndilo linalonikera, maana watu wetu huzilimbikiza pointi kama akiba ya harusi. Pointi ni ahadi ya kampuni, na masharti huiruhusu kampuni kuibadili: tiketi ileile ikahitaji pointi zaidi, au muda wa kuzitumia ukafupishwa. Hata ukilipa kwa pointi, kodi na ada za uwanja kwa kawaida hutoka mfukoni.

Wasafiri wa Kwale, kaunti yenye Ukunda, wana la ziada. Jambojet, inayotua Ukunda, ni mali ya Kenya Airways, lakini undugu wa kampuni si hoja ya kukuhakikishia pointi. Uliza kabla ya kulipa, na uulize pia kama tiketi ya bei ya chini inahesabiwa. Majina nayo yafanane: ukijisajili kwa majina mawili na pasipoti ina matatu, pointi zaweza kukosa kuingia. Tunza kadi ya kupandia ndege mpaka uzione kwenye akaunti.

Ukipokea ilani ya mabadiliko, tafuta kwanza tarehe yanapoanza. Kama pointi zako zinatosha tiketi, ikate kabla ya siku hiyo.