Jumamosi: Siku ya Kwanza au ya Saba?

Ukiteremka matatu pale Suneka Ijumaa alasiri, ukitokea mjini Kisii kuelekea Migori, utawakuta Waadventista mbioni. Maji yachotwe, nguo zipigwe pasi, sufuria iepuliwe kabla jua halijatua. Sabato yaingia.

Nilikuwa kwa magokoro, yaani nyanya, mjukuu wake wa gredi ya sita alipouliza: "Magokoro, mosi si moja? Mbona siku ya saba tunaiita Jumamosi?" Aliambiwa amalize kwanza kupiga viatu rangi. Swali nikaondoka nalo mimi.

Hebu, msomaji, hesabu siku zako. Jumamosi, Jumapili, hadi Jumatano, ndiyo ya tano. Halafu Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo maana yake pia ni ya tano! Juma letu lina tano mbili na halina sita. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Waswahili walianza baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini. Mzizi huohuo wa kukusanya ndio uliotupa jamaa, jamii na jumuiya. Mkatoliki anayekwenda jumuiya ndogondogo hutamka ndugu wa Ijumaa, pengine bila kujua.

Sabato nayo ni Kiebrania: kukoma, kuacha kazi. Waadventista walifungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kutoka huko neno likaingia Gusii.

Usidhani ni mchezo wa maneno. Wako wanafunzi waliobanwa wachague darasa la Jumamosi au imani yao, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoamua mwaka 2017 kwamba waruhusiwe kuabudu tangu jua la Ijumaa litue mpaka la Jumamosi litue.

Jua hilo ndilo lililonishangaza. Kwa desturi ya Waswahili, siku huanza magharibi. Usiku wa Jumamosi ni ule ambao sisi wa bara huuita Ijumaa usiku. Basi jua likizama, mzee wa Lamu huingia siku ya kwanza, na magokoro wa Suneka huingia ya saba.

Niliporudi kumweleza, alisikiliza kimya, kisha akauliza: "Na huyo mzee wa pwani, jua likitua huacha kazi?"

Nikamwambia huenda kuswali.

"Buya," akasema, akaufunika moto kwa majivu.