Nani Anaishangilia Mlandege?

Usiku wa Januari 13, 2024, Mlandege iliifunga Simba bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi uwanjani Amaan. Ilikuwa mara ya pili mfululizo kwa klabu hiyo kubeba kombe, kwani mwaka uliotangulia iliilaza Singida Big Stars kwenye fainali kama hiyo. Klabu ya mtaani Unguja ilikuwa imewapiga kumbo vigogo wa Bara, na kila Mzanzibari alikuwa na haki ya kutembea kifua mbele asubuhi yake. Lakini jukwaani jezi nyekundu za Simba zilikuwa tele, na wengi waliozivaa hawakuvuka bahari kwa boti ya siku ile. Ni watu wa Magomeni, Jang'ombe na Mwanakwerekwe, waliozaliwa na kukulia hapa hapa, waliokwenda kuishangilia timu ya Kariakoo mbele ya timu ya kwao.

Jambo hili linaniuma, na naliandika kwa sababu linaniuma. Hakuna anayeweza kutuambia Wazanzibari kwamba hatuipendi nchi yetu. Mguse mtu bendera, wimbo au jina la Zanzibar barazani, utaona moto wake. Mpira wetu wa wiki hadi wiki, hata hivyo, tumeuachia wenyewe wacheze peke yao.

Nenda Amaan au Mao Zedong siku ya ligi ya kawaida, saa kumi alasiri. Kocha akiliita jina la beki wake, jukwaa zima linasikia. Wachezaji wa akiba wanashangilia kwa sauti kuliko mashabiki. Muuza kahawa anapita na dele lake, vikombe vikigongana mkononi, na mlio wa vikombe vile unafika hadi ng'ambo ya pili ya uwanja. Wanaokaa pale ni wazee wachache waliozoea, ndugu wa wachezaji, na vijana wa vikosi walioambiwa waje. Saa hiyo hiyo mabanda ya mpira mitaani yanapangwa viti kwa ajili ya mechi ya Uingereza ya usiku, na kiingilio kinalipwa bila manung'uniko.

Ungedhani basi watu hawautaki mpira wa nyumbani. Subiri Yamle Yamle ianze. Mashindano yale ya ndondo yanaikusanya mitaa ya Unguja, watu wanapanda ukutani, kina mama wanakuja na vuvuzela, vijana wanasafiri kwa magari ya mizigo wakiimba njia nzima. Wachezaji wengi wa ndondo ndio hao hao wa ligi kuu. Mpira ni ule ule, viwanja ni vile vile. Kinachobadilika ni jina lililoandikwa kwenye jezi: hapa ni jina la mtaa wako, na anayepiga kona ni mtoto wa jirani yako.

Hapo ndipo penye jibu, kwa maoni yangu. Zamani ligi ya Unguja ilikuwa ya mitaa. Malindi, Miembeni, Mlandege, Shangani na Kikwajuni ni majina ya timu, na pia ni majina ya mahali watu wanapolala na kuamka. Ukiwa wa Malindi ulikuwa wa Malindi hata siku ya kufungwa. Leo orodha ya ligi imejaa timu za vikosi vya serikali: KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo na Polisi. Sivilaumu vikosi hivi. Vimebeba mzigo wa mpira wetu wakati hakuna mwingine aliyetaka kuubeba. Kijana mwenye kipaji, mwenye mama wa kumtunza, akipewa ajira ya kikosi, mshahara wa mwisho wa mwezi na matumaini ya pensheni, atakuwa hana akili kama atakataa. Klabu ya mtaa inampa nauli ya daladala na maneno mazuri. Ila hakuna mtoto anayekua akijiita shabiki wa Zimamoto kwa kuwa babu yake alikuwa Zimamoto. Kikosi hulipa wachezaji, lakini mashabiki hakizai.

Ndiyo maana fahari yetu inahamia kwenye timu yetu ya taifa, Zanzibar Heroes, na huko inawaka kama petroli. Machi 16, 2017, mkutano mkuu wa shirikisho la soka Afrika, CAF, mjini Addis Ababa uliikubali Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Watu walilia kwa furaha. Miezi minne tu baadaye, Rais wa CAF wakati huo, Ahmad Ahmad, akatangaza kwamba uamuzi ule ulikuwa kinyume cha kanuni, kwa kuwa Zanzibar si nchi inayojitegemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Desemba ya mwaka huo huo vijana wa kocha Hemed Suleiman "Morocco" walikwenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati wakiwa na hasira hiyo miguuni. Waliifunga Rwanda 3-1, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda kwenye nusu fainali, na wakalikosa kombe kwa penalti tu mbele ya Kenya pale Machakos, baada ya sare ya 2-2. Tangu ubingwa wa 1995 kule Uganda hatukuwa tumelikaribia kombe lile hivyo. Mwezi wa Januari 2025 tukapata furaha nyingine, safari hii Gombani, Pemba, Heroes walipoifunga Burkina Faso 2-1 na kubeba Kombe la Mapinduzi.

Furaha zile zilikuwa za kweli, nami nilikuwa ndani yake. Lakini hebu tuulizane: wale vijana walitoka wapi? Feisal Salum alikuwa JKU kabla Yanga haijamchukua. Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM. Nadir Haroub "Cannavaro", aliyekuja kuwa nahodha wa Yanga na Taifa Stars, alipita Malindi. Kila jina tunalolitia kwenye nyimbo lilipitia ligi ile ile tunayoiachia muuza kahawa.

Na fedha nazo zina njia yake. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Bara, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka uliofuata kampuni za kubeti zikaweka mabilioni kwenye vifua vya Simba na Yanga. Kila Mzanzibari anayelipia king'amuzi, kununua jezi au kutengeneza mkeka kwenye simu ametia kikombe chake cha maji kwenye mto huo, na mto haurudi huku. Oktoba 2025 KMKM ilikutana na Azam katika Kombe la Shirikisho Afrika na ikatoka na kichapo kizito. Azam ndiyo timu aliyokuwa akiichezea Feisal wakati huo. Tumemlea, tumemuuza, kisha tukakaa upande wa pili wa uwanja kumtazama.

Uwanja wenyewe sasa ni fahari ya macho. Amaan iliyojengwa kwa msaada wa China mwaka 1970 ilifungwa, ikajengwa upya, ikafunguliwa Desemba 2023 ikiwa na taa, viti na nyasi za kujivunia. Mei 25, 2025 Simba walikuja kucheza hapo mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, kwa sababu uwanja wa Mkapa haukuwa tayari. Agosti mwaka huo mechi za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, zikaja, tukaiona Sudan ikiibamiza Nigeria 4-0. Hoteli zilipata wageni, maduka ya Darajani yaliuza. Nilifurahi kama wengine. Ila uwanja unaopata uhai pale tu wageni wanapoukodi haujawa uwanja wetu bado.

Kuna mchezo mwingine uliokwisha kupita njia hii, nao ulikuwa na makazi hapa hapa mjini. Enzi za Waingereza kriketi ilichezwa Mnazi Mmoja, na Wazungu na jamii za Kihindi walikuwa na nafasi zao katika viwanja vile. Baada ya 1964 wengi wa wachezaji wake waliondoka, na vijana wa Ng'ambo wakaweka magoli ya mpira wa miguu. Kriketi ya Unguja haikupigwa marufuku na mtu. Watu wake waliondoka, na waliobaki hawakuwahi kuifanya yao.

Kenya iliona makubwa zaidi katika kriketi. Februari 24, 2003, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, Collins Obuya aliangusha wiketi 5 na Kenya ikaishinda Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996. Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ikacheza na India mjini Durban. Nchi nzima ilijiita ya kriketi kwa wiki kadhaa. Kisha zikaja ugomvi wa viongozi, migomo ya wachezaji juu ya malipo, na kufungiwa kwa Maurice Odumbe miaka 5 mwaka 2004 kwa uhusiano na mtu wa kamari. Chini ya timu ile ya taifa ligi ya nyumbani ilikuwa dhaifu, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Wakati huo huo India ilikuwa inaugeuza mchezo huo huo kuwa mgodi: haki za kuonyesha ligi yao ya IPL kwa misimu ya 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6. India iliweza kwa sababu kila mtoto wa kila mji tayari alikuwa na timu yake. Hapa kwetu, vijana wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la kriketi kwa mara ya kwanza mwaka 2025, mjini Lagos. Ni wangapi barazani walilizungumza?

Nawaomba wenye mamlaka ya mpira wetu mambo yanayowezekana. Mechi za ligi zihamishiwe usiku, chini ya zile taa za Amaan, watu wakishatoka kazini na kuswali isha. Klabu za mitaa zipewe nafasi ya kusajili wachezaji bila kuwategemea wafadhili wa siku moja, na kila kijana anayevuka bahari aache nyuma fidia ya malezi kwa klabu iliyomfundisha, kama kanuni za FIFA zinavyoitambua haki hiyo. Watoto wa skuli waingie bure kwenye kila mechi ya ligi. Na kila timu ya nje inapoikodi Amaan, sehemu ya kiingilio iandikwe kabisa kwenye mkataba kwamba ni ya Malindi, Miembeni, Mlandege na wenzao, ilipwe kabla taa hazijazimwa.