Kati ya Geti la Hospitali na Mkutano wa Kwanza

Mgonjwa aliyelazwa kwa sababu ya pombe huruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na dawa mfukoni na ushauri wa kuacha kunywa na kutafuta kikundi cha kusaidiana. Ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, kati ya geti la hospitali na chumba ambamo kikundi hukutana ipo njia ambayo wengi hawaimalizi. Baadhi hawajui pa kuanzia. Wengine hufika hadi mlangoni, wakasikia sauti za watu ndani, wakageuka.

Mwaka 1981 watafiti wa Marekani, Sisson na Mallams, walichapisha utafiti mdogo kuhusu njia hiyo. Wagonjwa 20 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilielezwa mikutano ipo wapi na saa ngapi, likahimizwa kwenda. Kwa kundi la pili, mshauri alimpigia simu mwanachama wa kikundi mgonjwa akiwa palepale, wawili hao wakazungumza, na mwanachama akajitolea kwenda naye. Wa kundi la pili walihudhuria wote. Kati ya walioelezwa tu, hakuhudhuria hata mmoja. Kwa idadi ndogo namna hiyo, haifai kutarajia tofauti kubwa kiasi hicho kila mahali. Lakini sababu yake haimshangazi mtu anayejua uzito wa aibu ya ulevi katika mtaa ambao kila mtu anamjua mwenzake.

Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, yaani AA, kilichoanzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, na Bill Wilson, aliyefanya kazi katika soko la hisa, na daktari wa upasuaji Bob Smith. Leo mikutano yake hufanyika katika nchi nyingi, na Nairobi na Dar es Salaam zimo. Mahali pa kuulizia ni kliniki ya afya ya akili au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ipo pia mikutano ya mtandaoni, ambayo humfaa aliye mbali na mji.

Mkutano wenyewe ni wa kawaida kuliko wengi wanavyodhani. Watu huketi, mmoja huongoza, na anayetaka kuzungumza husimulia yaliyompata bila kukatizwa wala kuhukumiwa. Hutajwa jina la kwanza tu. Hakuna ada, kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba, na mgeni halazimiki kutoa kitu. Anaweza kusema, "Leo nitasikiliza tu," na hakuna atakayemshurutisha. Sharti la uanachama ni moja: nia ya kuacha kunywa. Mikutano ya wazi hupokea hata ndugu na wahudumu wa afya; ile ya faragha ni ya wenye tatizo pekee, hivyo ni vyema kuuliza mapema.

Kwa kuwa vyumba vingi hukodiwa kanisani, Mwislamu aweza kudhani hapamhusu. Kukodi ukumbi si kujiunga na dhehebu. Hatua Kumi na Mbili za AA humtaja Mungu, lakini kila mwanachama huachiwa amwelewe kwa namna yake. Mwanamke naye aweza kukuta chumba kimejaa wanaume. Akiwa na mwenzake wa kike siku ya kwanza, mzigo hupungua.

Lipo jambo moja ambalo kikundi hakiwezi kulifanya, nalo ni la uhai. Anayekunywa kwa wingi kila siku asiache ghafla akiwa peke yake ili tu afike mkutanoni bila harufu ya pombe. Kutetemeka na kutoka jasho huanza ndani ya saa chache. Degedege huweza kutokea katika siku mbili za kwanza. Kisha huweza kufuata kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, hali inayoua isipotibiwa. Huyo apelekwe kwanza hospitalini, ambako dawa kama diazepamu na vitamini B1 hutumika chini ya uangalizi. Vilevile, mwanachama akimwambia mwenzake aache dawa za sonona au kifafa, asisikilizwe: AA yenyewe huyaachia madaktari masuala ya dawa.

Je, vikundi hivi vinasaidia? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyojumuisha tafiti 27 na watu zaidi ya 10,000, yalikadiria kuwa kati ya watu 100 waliosaidiwa na wataalamu kujiunga na AA, takriban 42 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja. Kwa tiba nyingine walikuwa 35. Tofauti si ya miujiza, lakini ni ya kweli, na gharama yake ni ndogo.

Basi muuguzi au daktari anayetaka rufaa yake izae matunda atafute mapema mwanachama mmoja wa kiume na mmoja wa kike walio tayari kupigiwa simu. Mgonjwa akiridhia, simu ipigwe kabla hajatoka wodini, na siku iliyofuata mkutano aulizwe aliuonaje. Akisema haukumpendeza, ajaribu kikundi kingine, kwa kuwa vikundi hutofautiana sana. Familia isiachwe nje: Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya ndugu na wenzi wa wanywaji, na mke aweza kuhudhuria hata kama mumewe bado anakunywa.