Kiunzi cha Kufumia Juu ya Mawe ya Nyiragongo

Yeyote aliyepata kupiga sururu katika mitaa ya Goma iliyofunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwezi wa Januari 2002, akitaka kusimika nguzo moja tu, amejionea jinsi chuma kinavyodunda juu ya lile jiwe jeusi na kumwachia ganzi mkononi. Na kwa sababu hiyo nyumba nyingi za mbao mjini humo zimekalia mawe badala ya kuzama ardhini. Kiunzi cha kufumia tepe, kinachokusudiwa kusimama uwanjani ili kila apitaye atie utepe wake, hakina budi kufuata hekima hiyo hiyo, kisimame kwa miguu yake chenyewe.

Mbao zake ziwe za mkaratusi, mti uleule wanaouchongea tshukudu, zile baiskeli za mbao zishukazo na viazi na makaa kutoka milimani. Lakini sharti ziwe zimekauka kivulini, maana mkaratusi mbichi hujipinda. Zatosha nguzo mbili za mita 2 na mbao mbili za kukingama za mita 1.5.

Pembe ndizo roho ya kazi. Kila miti miwili inapokutana, fundi huichimba nusu kwa nusu kwa msumeno na patasi, mmoja ukaukalia mwenzake, kisha kabla ya kukaza misumari hupima mshazari kutoka pembe hadi pembe. Na kwa kiunzi cha vipimo hivyo, kila mshazari, ukipimwa kwenye ukingo wa nje, sharti uwe mita 2.5 barabara. Mmoja ukizidi, kiunzi kimelala upande, na kitambaa kitalala nacho. Chini ya kila nguzo huwekwa mguu wa kukingama wenye mihimili miwili ya mshazari, ukalemewa na mawe ya lava, mawe yale yale yaliyokataa shimo.

Katika ubao wa juu na wa chini hupigwa misumari, mmoja kila sentimita 2, ikipandishwa na kushushwa kidogo kwa zamu, kwani ikifuatana katika mstari mmoja hupasua ubao. Hapo hutandwa uzi wa katani, ambao wafumi huuita mtande, ukazwe hata ukiugusa kwa kidole ulie kama uzi wa zeze.

Mshindio ni tepe zenyewe, zikatwazo upana wa sentimita 3 katika vipande vya vitenge vibakiavyo chini ya cherehani za mafundi, nazo kwangu mimi zina thamani kuliko utepe wowote wa dukani, kwa kuwa humo mtu aweza kuitambua nguo ya harusi ya jirani yake. Utepe hupita juu ya uzi mmoja na chini ya wa pili. Wala usivutwe kwa nguvu, bali ulazwe kama upinde kisha ushindiliwe kwa chanuo la mti, la sivyo kitambaa hufanya kiuno katikati. Kazi ingali chini, waitwe watoto kwanza, maana mstari hupanda kila siku, na ukishapita kifua cha mtu mzima hawaufikii tena.

Kitambaa kikijaa, nyuzi za mtande hukatwa mbili mbili na kufungwa fundo, nacho kiunzi hutandwa upya.